Steringi Aliyesalimia Kabla ya Kupigana

Enzi zetu pale Kasulu, muvi haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya mtaa mzima, kama msiba. Mnaingia wote, mnatoka wote, na ugomvi wa nani kaona nini unaendelea mpaka Jumapili kanisani. Kama wewe umezaliwa juzi na simu mkononi, hii sijakuandikia wewe. Nawaandikia wenzangu, wale tuliokalia benchi la mbao lenye misumari imetokeza, tukachana kaptula za shule, tukapigwa nyumbani kwa ajili ya kaptula, na kesho yake tukarudi kukaa palepale.

Kibanda umiza chetu kilikuwa cha Hamadi. Hamadi alitokea Ujiji, akaja Kasulu kuuza vitenge, vitenge vikamshinda, akanunua televisheni, deki na jenereta. Chumba cha tofali mbichi, dirisha limezibwa kwa gunia la maharage. Nje baridi ile yetu ya asubuhi inakung'ata masikio, ndani watu sitini wanatoka jasho. Harufu tatu: petroli ya jenereta, muhogo wa kuchoma, na miguu yetu. Asiye na kiingilio alileta ndoo ya maji ya kunyunyizia sakafu, vumbi lisipande. Mimi nimenyunyizia sana. Ile sakafu naijua kuliko godoro la kwetu.

Hamadi hakuwa anakaa. Alisimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi kama mwalimu wa jiografia, anatafsiri. Kichina, Kihindi, Kikorea, zote alizijua. Yaani sisi tuliamini anazijua. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama kimepakwa mawese, wakati sisi tulitoka nyumbani na Kiha, Kiswahili tukakutana nacho shuleni, kwa kiboko. Alikuwa anatutania, "Nyie Waha nyamazeni, mnaongea kama mmebeba mzigo kichwani." Tunacheka. Leo mtu akimsema vibaya Hamadi mbele yangu tutagombana. Nasema mapema, asije mtu akashangaa.

Sasa, mikanda alikuwa nayo mingi, ila deki yake ilikuwa na tabia ya kutafuna. Ikatafuna wa Kihindi, ikatafuna wa makomandoo, ukabaki mmoja tu, sijui deki iliuogopa nini. Wa Kijapani. Wa samurai. Jina lake liliandikwa kwa yale maandishi yao yanayofanana na vibanda vilivyoanguka, kwa hiyo sisi tuliuita Mkanda, basi. Masika nzima tuliangalia Mkanda. Kila siku. Mpaka kuna mtoto alikuwa anaongea Kijapani usingizini, mama yake akaita watu wa maombi.

Na huo Mkanda ulikuwa na mambo! Steringi, yaani shujaa mwenyewe wa muvi, na adui wanaanza kupigana kwenye mvua kubwa, matope mpaka magotini. Panga likipanda, mvua. Likishuka, jua kali, nguo zimekauka, wana vumbi mgongoni. Tukauliza, "Hamadi, mvua imeenda wapi?"

"Hujawahi kupanda gari kwenda Kibondo wewe?" akasema. "Unaondoka hapa inanyesha, unakunja kona moja tu, vumbi. Japani nako kuna vilima."

Tukakubali, maana ni kweli.

Ngome ya adui ndiyo usiseme. Upepo ukivuma, ukuta mzima unacheza kama shuka kwenye kamba. Hamadi akagonga ukuta kwa fimbo yake, akasema, "Bwana akiwa muoga, hata ukuta wake unatetemeka." Halafu katikati ya muvi steringi anavaa kofia ya majani makavu, kubwa kama ungo, inamfunika uso mpaka kidevu. Haivui tena mpaka mwisho. Na amekuwa mfupi. Hamadi akashusha sauti, "Kafiwa na mama yake. Kwao mtu akifiwa haonyeshi uso mpaka amalize matanga. Na huzuni inapunguza kimo." Nani angebisha? Bibi yangu alipofiwa na babu alipungua kimo, nilimuona kwa macho yangu.

Mwisho wake sasa. Steringi anaelekea ngomeni peke yake, katikati ya mashamba ya mpunga. Anatembea. Anatembea. Kioo kinakuwa cheusi. Imeisha! Hapo Hamadi anazima deki na kutumalizia kwa mdomo: steringi kaingia, maadui arobaini wamemzunguka, na Hamadi mwenyewe anaruka juu ya benchi na fimbo, anawakata mmoja mmoja, anawahesabu, anadondoka kwa niaba yao. Ndiyo sehemu tuliyoipenda kuliko zote, na haikuwemo kwenye muvi.

Ila kitu kilichotuingia damuni kilikuwa salamu. Wale watu kabla ya kupigana wanasimama, wanatazamana, wanainama. Polepole. Dakika nzima mtu kainama tu. Na sisi Waha salamu ndiyo kwetu. Mdogo anasimama, anainamisha mwili, anapiga makofi taratibu, "Mwakeye," na mkubwa anaitikia kwa muda wake. Hamadi akatafsiri hivyohivyo. Samurai mdogo, "Mwakeye!" Samurai mkubwa, "Mwakeye." Halafu wanauana.

Haikupita wiki mbili mtaa ukawa majeshi mawili. Panga ni mti wa muhogo, kofia ni ungo umeibwa jikoni. Mama zetu wakawa wanapepetea maharage kwenye sinia na kulaani. Sheria ilikuwa moja: hakuna kupiga kabla ya salamu, na mdogo ndiye anaanza kusalimia. Hapo ndipo vita vyetu vilipoharibika, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa mdogo. Vita vinaanza asubuhi, mpaka saa sita watu bado wanabishana nani kazaliwa lini. Wakaanza kuleta kadi za kliniki. Wallahi, nimeona majeshi mawili yameweka silaha chini, yamekaa kwenye nyasi, yanasoma kadi za kliniki, uzito wa kuzaliwa, tarehe za chanjo. Jamaa mmoja akagundulika hakumaliza chanjo ya surua. Akafukuzwa jeshini.

Adui yangu mimi alikuwa Lameki, mtoto wa Mwenyekiti wa mtaa. Tulizaliwa zahanati moja, wiki moja, ila mimi nimemtangulia siku mbili. Kadi ipo mpaka leo. Lameki akawa anatangaza kwamba kadi yangu imechezewa kwa wino. Siku hiyo akasimama mbele ya jeshi lake, ungo kichwani, kidevu kakinyanyua, anasubiri nimsalimie.

"Anza, mdogo wangu," akasema.

Mdogo wake! Mimi! Sikusalimia, sikufanya nini. Nilimtandika mti wa muhogo kwenye paji la uso, ukavunjika, na paji likapasuka. Damu. Watu wakatawanyika kama kuku. Jioni jeshi langu lenyewe likanikamata na kunipiga, na sio kwa sababu ya damu. Walinipiga kwa kutosalimia.

Kesho yake Mwenyekiti Zabroni, baba yake Lameki, akaja kibandani na wazee watatu. Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu, mpole, haongei kwa sauti, na ndiyo maana tulimuogopa. Mkononi ana kufuli jipya, bado lina karatasi ya dukani.

"Hamadi," akasema, "unatufundishia watoto kuuana. Funga hapa, rudi kwenye vitenge vyako."

"Vitenge vilishanikataa, Mwenyekiti. Nikifunga hapa narudi Ujiji kukaa kwa shemeji yangu. Na shemeji yangu hanipendi."

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya jenereta, nasikia kila kitu. Jamani, kama kile kibanda kingefungwa, kingefungwa na mimi. Hamadi angerudi kulala kwenye korido ya mtu asiyempenda kwa sababu ya hasira zangu na siku mbili za kadi ya kliniki.

Aliyetupatia muda ni bibi yangu, Bibi Skola, alikuwa anapita na kuni zake. Akatua mzigo palepale njiani. "Zabroni, tangu lini tunamhukumu mtu hatujamsikia? Huyo Mjapani mleteni aseme, tumsikie."

Basi ikapangwa Jumamosi asubuhi wazee waje kuangalia Mkanda, ndipo wahukumu. Viti vikaazimwa kanisani, wanaume wakakaa kwenye viti, kina mama kwenye mikeka. Mwenyekiti kaweka kufuli mapajani. Watoto tulifukuzwa, tukabaki nje, kila mmoja na tundu lake kwenye gunia la dirishani. Hamadi alivaa kanzu ya Idi. Alianza kutafsiri kwa sauti ya mtu anayefungisha ndoa.

Ikafika salamu ya kwanza. Samurai kainama. Hamadi akasema taratibu, "Mwakeyeee..."

Na Bibi Skola, pale mkekani, maisha yake yote mtu akimwambia Mwakeye anaitikia, hawezi kujizuia. Akakutanisha viganja. Pa. Pa. Pa. "Mwakeye, mwana." Kina mama wote nyuma yake, pa, pa, pa. Na kwenye kioo yule samurai mwingine naye akainama, ungeapa anamjibu Bibi.

"Kumbe wana adabu," mzee mmoja akasema.

"Wamelelewa hawa. Mtazame anavyoshuka, sio hawa wetu wanaokusalimia huku wanakimbia," mwenzake akaitikia.

Panga zikaanza. Bibi akashtuka, "Sasa wakishasalimiana vizuri hivyo wanauana nini?"

Hamadi akafikiri haraka. "Mpaka wa shamba, Bibi."

Aaah! Wazee wote wakasogeza viti mbele. Mpaka wa shamba wanaujua, hiyo hawahitaji tafsiri. Mmoja akaanza kuonyesha kwa kidole upande gani kumeliwa hatua mbili. Ikaja kofia. "Kafiwa na mama yake," Hamadi akasema, na kina mama wakapasuka, "Pole, mwana! Pole weee!" Mama yake Lameki, aliyekuja pale na hasira za mtoto wake, anajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Mimi kwenye tundu langu nikasema tayari, tumeshinda.

Halafu kioo kikawa cheusi.

"Kesi imeishaje?" Mwenyekiti akauliza.

Hamadi akamwangalia Mwenyekiti. Akaliangalia kufuli. Nikamuona anawafikiria wale maadui arobaini. "Wamepatana," akasema. "Kijana kafika, kasalimia, wakaleta pombe ya ndizi, mpaka ukapimwa upya. Hajafa mtu."

Yaani Hamadi, swala tano, anawanywesha watu pombe ya ndizi. Na mimi, mjinga mimi, kichwa changu hiki, nikatoboa gunia kwa uso mzima na kupiga kelele, "Muongo! Anawaua wote arobaini!"

Hamadi aliniangalia, na sijawahi kuangaliwa vile tena na mtu ninayempenda.

Kilichotuokoa ni kwamba wazee wetu kesi hawaiachi. "Arobaini?" mmoja akasema. "Peke yake? Haiwezekani." Mwenzake akasema, "Kwa ajili ya shamba inawezekana." Bibi Skola akasema mtu aliye matangani haui, ni mwiko, lazima walipatana. Wanaume wakasema aliua, kina mama wakasema walikunywa. Mwenyekiti alijaribu kutuliza, mara na yeye kasimama, "Hamadi, hebu rudisha pale kwenye mpaka." Ikarudishwa mara tatu. Maharage yakaungua mtaa mzima siku hiyo, moshi unatoka kila jiko, hakuna aliyenyanyuka.

Walipochoka, Mwenyekiti akashika kufuli lake. "Ya Mjapani tutaendelea Jumamosi ijayo. Ila huyu ana salamu. Hakuwafundisha kupiga bila kusalimia. Kuna mtu hapa kapiga bila kusalimia. Aletwe."

Nililetwa kwa sikio.

"Msalimie Lameki," Mwenyekiti akasema. "Ukimsalimia, kibanda kinabaki. Ukikataa, nafunga."

"Mimi ndiye mkubwa!" nikasema. "Siku mbili! Kadi ipo!"

"Aliyekosa ndiye mdogo," Bibi Skola akasema. "Kadi kaa nayo."

Lameki amesimama, bandeji kichwani, kidevu kile kile juu. Jeshi langu lote limejaa mlangoni. Nilitaka kufa. Nikamwangalia Hamadi, nikidhani ataniomba. Hakuniomba. Alikuwa amegeuka, kachuchumaa kwenye kanzu yake ya Idi, anakunja waya wa deki taratibu, anauzungusha kwenye kiwiko kama mtu anayefunga safari. Waya ule ndio ulionimaliza.

Nikainama. Nikapiga makofi. "Mwakeye."

Lameki hajibu. Anaangalia bati. Nikapiga tena. Anakohoa. Anaangalia kucha zake moja moja, kumi zote. Viganja vyangu vinawaka moto. Ndipo akasema, kwa sauti ya mzee wa miaka themanini, "Mwakeye, mdogo wangu. Shuleni unajitahidi?"

Mtaa mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akakaa, kisha akatia kufuli kwenye mfuko wa koti. Hamadi akakunjua waya. Kutoka siku hiyo Mkanda ukawa na miisho miwili: siku za kawaida, kwa watoto, arobaini wanakufa. Jumamosi, kwa wazee, wanapatana. Na hakuna aliyeona shida.

Sasa mimi siku hizi natengeneza simu Kibondo. Hakuna aliyenifundisha, nilifungua za watu mpaka nikajua kuzifunga. Kiingereza nacho nimejisomea hivyohivyo. Mwaka jana nikautafuta ule Mkanda mtandaoni, nikaupata, na historia yake yote. Jamani. Walipokuwa wanaupiga picha, tufani ilibeba majengo yote waliyojenga, mwenye hela akakataa kusubiri, wakaendelea jua lilipotoka. Ngome ilikuwa kitambaa kimechorwa. Steringi aligombana na muongozaji akasusa, akaenda kwao, wakamvalisha kofia fundi cherehani wao. Ndiyo kile kimo. Na mwisho haupo kwa sababu utepe wa filamu uliwaishia kwenye kamera. Shamba hakuna, wanagombania farasi. Ilipotoka mara ya kwanza watu waliinuka wakaondoka. Miaka ikapita, wazungu wakaanza kuipenda, sasa wanaandika makala ndefu kama foleni ya mbolea, wanavaa zile kofia na kukusanyika kuiangalia. Mmoja kaandika kwamba wakati wake hakuna aliyeielewa.

Nilipandwa na hasira. Nikamjibu palepale: sisi Kasulu tuliielewa. Mtu mmoja tu alinijibu, akauliza Kasulu ni upande gani wa Japani.

Kibanda cha Hamadi hakikufungwa na mwenyekiti yeyote. Kilikufa chenyewe, simu zilipoingia, benchi moja baada ya lingine. Hamadi karudi kwenye vitenge, safari hii vimemkubali. Nikampigia kumweleza yote, tufani, kitambaa, fundi cherehani. Nilikuwa na wasiwasi, nilijua nitamuumiza. Akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo mama yake hakufa?"

"Hakufa, Hamadi. Hayumo kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema. "Yule mama nimemuonea huruma miaka yote."

Likizo iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja kukaa kwangu. Yuko darasa la sita, ana simu nzuri kuliko yangu mimi fundi. Nikamwekea Mkanda. Nikajua ataniita tuangalie wote, nikavuta stuli kabisa. Akaweka vitu vyake masikioni, akajifunika blanketi, akaanza kuusogeza kwa kidole gumba. Salamu zote akaziruka. Nikamvuta sikio, nikamwambia rudisha. "Anko, pale hamna kitu, wanainama tu." Nusu saa hata haijafika, katoa kichwa kwenye blanketi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Inakatika tu, jamaa anatembea halafu basi."

Nikangoja. Nilikuwa na miisho miwili tayari mdomoni, achague. Hakuuliza. Kashaanza kuangalia kitu kingine.

"Sasa hukutaka kujua ilivyoisha?" nikamwambia. "Hukuuliza?"

Akaangalia chumba, kitanda, stuli, ukuta, kama mtu aliyeambiwa atafute kitu asichokijua.

"Nimuulize nani, anko?"